Moshi wa Meza ya Dirishani

Mgahawani, Februari 6

Mpwa wangu Bibi Afya,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani. Huku sote wazima. Paa la mgahawa limezibwa, kuku wa jirani bado wanaingia kwa mlango wa mbele kama wateja, na mguu wangu wa kushoto umepona kabisa baada ya kuzikataa dawa zote alizoniletea mama yako. Mwambie dada yangu nampenda, ila aache kuniganga kwa posta.

Kila mara unaniuliza kwa nini sipigi simu. Simu haiachi nakala. Mtu aliyekuwa karani wa masjala miaka ishirini na sita hawezi kusema jambo bila kuweka karatasi ya kaboni chini yake. Barua zangu zote kwako zina nakala kwenye faili, hapa nyuma ya kaunta, na siku tutakapogombana nitakuonyesha nani alisema nini.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Nimesikia redioni kwamba halmashauri yenu, inayotutawala na sisi huku, inatunga sheria ndogo ya kukataza sigara kila penye watu: ofisini, stendi, hospitalini, hata ndani ya hoteli na migahawa ya watu binafsi. Ofisini, sawa. Stendi, sawa. Hospitalini, hata mimi nimeshangaa kwamba ilikuwa inaruhusiwa. Lakini mgahawani mwangu? Mlango nimenunua mimi, bawaba nimefunga mimi. Asiyetaka moshi apite zake, barabara ni pana.

Unaijua meza ya dirishani. Mwalimu mstaafu, Fundi Cherehani na Dereva, wote watatu na drafti yao, kuanzia saa nne asubuhi mpaka jua linapoanza kushuka. Mke wangu alipotutoka, hao ndio waliokaa nami kila siku mwaka mzima. Hawakusema neno la maana hata moja. Walicheza tu na kuvuta, nami nikavuta nao. Ukiiondoa sigara pale, na meza inaondoka. Kwa hiyo nakuomba kama mjomba wako: hilo faili la sheria lipotee kidogo. Mafaili hupotea. Nimefanya kazi masjala, najua yanapotelea wapi.

Mjomba wako

*

Februari 19

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imetumia siku tisa kufika, kwa hiyo huenda mguu umeshauma tena. Mama alisoma ule mstari wa kugangwa kwa posta, akanuna nusu saa, kisha akatoka kwenda kununua dawa nyingine. Itakufikia, jiandae. Binti yangu ameota meno mawili ya chini na anayatumia kuning'ata mimi.

Faili halipotei, Mjomba. Nimelishika mimi.

Unasema asiyetaka moshi apite zake. Mteja atapita, ndiyo. Anayefanya kazi humo ndani atapita wapi? Juzi nilikwenda kukagua hoteli moja karibu na ofisi, mwenyewe akaniambia maneno yako hayo hayo, mlango wangu, bawaba zangu. Wakati anasema, mhudumu wake alikuwa nyuma yake anapepea trei mbele ya pua. Yule hakuja pale kuburudika, kaja kutafuta riziki. Sasa niambie, bawaba zinamsaidia nini?

Jambo jingine, dogo tu. Tangu niko shule ya bweni barua zako zinanuka sigara. Nilikuwa nazitambua kabla sijasoma bahasha. Hii ya Februari inanuka karatasi. Umehamisha meza ya kuandikia?

Msalimie Bi Mapishi. Hujamtaja safari hii, na kwa kawaida hupiti ukurasa bila kulalamika kwamba mpishi anakutawala ndani ya jiko lako mwenyewe.

Mpwa wako

*

Mgahawani, Machi 12

Mpwa wangu,

Marahaba. Dawa imefika. Nimempa jirani, kuku wake wamenenepa. Usimwambie mama yako.

Kuhusu harufu ya barua: nimebadilisha aina ya karatasi.

Huku sheria yenu imeamsha watu. Dereva anasema mkishakataza sigara, mwakani mtakataza kukohoa. Fundi anasema hawezi kukata kitambaa bila kuvuta kwanza, na anaogopa watu watavaa suruali zenye mguu mmoja mrefu. Mwalimu ameandika hoja saba kwenye daftari. Ya sita na ya saba zinapingana, lakini anazisoma kwa sauti nzuri kiasi kwamba hakuna anayejali.

Na hoja yangu mimi ni hii. Leo mnaniambia nani avute ndani ya nyumba yangu ya biashara. Kesho mtaniambia nani akae kwenye kiti gani, na chai iwe na majani mangapi. Mtu aliyejenga mahali pake kwa jasho lake aachiwe japo kuamua nani anamkaribisha na vipi. Nalisema hili kwa moyo wangu wote.

Bi Mapishi mzima. Anasema ataacha kazi mwisho wa Juni, akapumzike. Mvua huku imechelewa.

Mjomba wako

*

Machi 26

Mjomba,

Shikamoo. Huku wazima, meno sasa ni manne.

Nimeisoma sentensi yako kuhusu Bi Mapishi mara nne. Umeiweka kati ya uzima wake na mvua, kama vile mtu akipita haraka hataiona. Miaka kumi na tisa mpishi wako ni huyo huyo. Alinifundisha kumenya viazi nikiwa nimesimama juu ya kreti. Leo anaondoka, na wewe unaniambia habari za hali ya hewa? Akapumzike kutokana na nini? Amechoka na nini? Mjomba, mimi si mteja, usinifunikie sahani.

Na "nimebadilisha karatasi" nimeisikia. Karatasi ni ile ile, ina mistari ya bluu na tundu upande wa kushoto.

Rasmi sasa: Mei 3, saa tatu asubuhi, ukumbi wa halmashauri, mkutano wa kukusanya maoni juu ya sheria ya sigara. Kila mwenye biashara anaruhusiwa kusema. Mimi nitakuwa mezani naandika kumbukumbu. Njoo useme mwenyewe hayo ya moyo wako wote, ulale kwetu, umwone mjukuu wako.

Mpwa wako

*

Mgahawani, Aprili 16

Mpwa wangu,

Sitakuja. Mgahawa haufungwi kwa ajili ya mkutano. Wazee wa meza ya dirishani watakuja badala yangu, wamekodi gari, na Mwalimu ndiye atakayesoma waraka wetu. Nimeuandika mwenyewe jana, kurasa mbili, saini thelathini na moja. Waraka halisi nimeutuma kwa posta kwenye halmashauri yenu, yeye atasoma nakala.

Jana hiyo hiyo niliandika barua nyingine, ya kwako peke yako, nayo kurasa mbili. Sijaitia posta. Kila nikifika kwenye sanduku mkono unakataa. Nitaitia.

Mbusu mjukuu wangu, ila mbali na meno.

Mjomba wako

*

Mei 4

Mjomba,

Shikamoo. Leo sikupi habari za nyumbani, zitasubiri.

Barua yako ya kurasa mbili imenifikia leo mchana. Lakini mimi niliisikia jana.

Ukumbi ulijaa. Wenye baa walikaa kushoto, manesi kulia, na wazee wako walikaa katikati kama waamuzi. Mwalimu alivaa suti nyeusi na miwani ile iliyofungwa waya. Alipoitwa alisimama, akakohoa kidogo, akaanza kusoma, na kusema kweli alisoma vizuri mno. Ukurasa wa kwanza ulimalizika hivi, nimeunakili kwenye kumbukumbu: "Kwa hiyo sisi sote, wateja pamoja na mwenye mgahawa, tunatamka kwa kauli moja kwamba moshi wa meza ile..."

Akageuza karatasi.

"...umemfikisha Bi Mapishi kwa daktari. Alipigwa picha ya kifua. Daktari akamwuliza, mama, unavuta pakiti ngapi kwa siku? Naye hajashika sigara tangu azaliwe. Alinisimulia huku akicheka, halafu akakohoa mpaka akaushika ukuta. Siku ile ile niliacha kuvuta."

Mwandiko ni wako, kaboni ni ile ile, na juu ya karatasi umeandika namba mbili. Kwa hiyo Mwalimu hakuona ajabu. Aliendelea kwa sauti ile ile ya darasani:

"Ile ninayoiweka mdomoni pale mezani haijawashwa. Ni moja hiyo hiyo tangu Januari, na moshi wao ni mwingi kiasi kwamba hakuna aliyegundua."

Hapo akaacha kusoma. Fundi alikuwa ameshika kichwa. Mwenyekiti akauliza kama waraka umekwisha. Dereva, bila hata kunyanyuka, akasema kwa nguvu: "Haujaisha. Soma mpaka mwisho, Mwalimu."

Akasoma. Sasa sauti ilikuwa ndogo. "Nimeshindwa kuwaambia waache. Nikiwaambia watakwenda, nami nitabaki na viti. Ndiyo maana naipinga sheria yenu mbele za watu, na nikiwa peke yangu naiombea ipite. Ikipita nitawaambia ni serikali, si mimi."

Mwalimu alizikunja karatasi mara nne. Akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, zile hoja saba nilizokuwa nazo naomba zibaki mfukoni," akaketi. Walitoka kabla ya mapumziko. Niliwakimbilia hadi kwenye ngazi, gari likawa limeshaondoka.

Mjomba wangu, nilicheka na kulia kwa pamoja, na kumbukumbu zote zina matone. Kwa nini hukuniambia? Miezi minne umebeba jambo hili na sigara mbovu mdomoni! Nimekukasirikia, na sijawahi kukupenda kama leo.

Mpwa wako

*

Mgahawani, Mei 8

Mpwa wangu,

Umewafanya nini wazee wangu?

Walirudi siku ya mkutano jioni, nikasikia gari likipita, halikusimama. Leo ni siku ya tano hakuna aliyekanyaga hapa. Jana nilimwona Fundi sokoni, nikamwita, akainama nyuma ya magunia ya vitunguu kama mtu anayetafuta sarafu. Mwalimu nimemtumia salamu mara mbili, hajibu. Drafti iko mezani na kete zake zimepangwa, kuku wa jirani amepanda juu yake mara moja na hakuna aliyemfukuza.

Bi Mapishi ananiuliza nimewakosea nini. Nikamwambia sijui, na ni kweli sijui. Nikafikiri labda waraka una neno kali. Basi leo asubuhi nimelifungua faili kutafuta kama imebaki nakala yoyote.

Mpwa wangu, kwenye faili nimekuta ukurasa wa kwanza wa nakala ya ile barua niliyokuandikia umebanwa kwa pini moja na ukurasa wa pili wa waraka. Nilizibana mwenyewe, siku ile ile, kwa mikono yangu hii, mimi niliyewafundisha makarani watatu jinsi ya kubana nakala.

Niambie upesi Mwalimu alisoma nini. Hapana, usiniambie. Niambie.

Mjomba wako

*

Mgahawani, Mei 20

Mpwa wangu,

Barua yako ilikaa njiani siku kumi na moja. Imenifikia tarehe kumi na tano asubuhi. Nimeisoma nikiwa nimejifungia stoo, uso umeniwaka mpaka masikio. Nikatoka nimeamua kufunga mgahawa na kuhamia mahali ambapo hakuna anayejua kusoma.

Saa nne kamili wakaingia. Wote watatu. Hawakunitazama. Wakaipita meza, wakaipita kaunta, wakaenda moja kwa moja jikoni. Mimi nikabaki nyuma ya pazia, nasikiliza ndani ya nyumba yangu kama mwizi.

Mwalimu akasema, "Bi Mapishi, tumekuja kuomba radhi."

"Mmevunja sahani?"

"Hapana. Kifua chako."

Bi Mapishi akajibu: "Miaka kumi na tisa mnaniita mkitaka chai, mkitaka chumvi, mkitaka chai tena. Leo ndiyo mnanikumbuka kwamba nina kifua?"

"Ndiyo," akasema Fundi. "Tumechelewa. Tulikuwa tunabishana nani aanze kuingia."

Akawafukuza jikoni kwa mwiko. Lakini nilimwona akigeukia masufuria, mabega yanatikisika, na hakuwa anakohoa.

Kisha wakanijia mimi. Nilitaka kujitia hamnazo, Dereva hakunipa nafasi. Akasema, "Wewe ulidhani tunakuja hapa kwa ajili ya sigara? Sigara navuta hata juu ya lori. Tulianza kuja kwa sababu ulikuwa huli. Halafu tukazoea." Basi. Nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Usidhani tumekuwa malaika. Fundi ameacha na sasa ana hasira za nyuki, jana ameshona mfuko wa shati mgongoni. Dereva hawezi kuacha na hajifichi. Anavuta barabarani, hatua tano kutoka mlangoni, na anacheza drafti kwa kupiga kelele: "Sogeza ile ya kushoto! Si hiyo, ya kushoto kwangu!" Visahani vya majivu nimeviondoa mezani. Wateja wanne wamehamia mgahawa wa upande wa pili, na wawili kati yao nawahurumia kwa sababu nimewahi kunywa chai ya pale.

Kuhusu Juni, Bi Mapishi hajasema kitu. Sijamwuliza. Naogopa, mpwa wangu, nakuambia wazi ili na hii uisikie kutoka kwangu kwanza.

Mjomba wako

*

Juni 9

Mjomba,

Shikamoo. Mama amecheka kuhusu kuku na dawa (samahani, ilinitoka), na amesema safari hii atakuletea mwenyewe na kukunywesha kwa kijiko.

Habari ya sheria: madiwani wamekaa siku mbili, wamekula chakula cha mchana mara mbili, wakaahirisha hadi mwakani. Wenye baa walikuja na wakili. Nilirudi ofisini nikakaa nikitazama ukuta. Mwaka mzima wa kazi, na yule mhudumu wa trei bado anapepea.

Kwa hiyo, Mjomba, serikali haijakukataza chochote. Ukitaka, rudisha visahani vya majivu mezani leo hii, hakuna wa kukugusa. Mlango ni wako, bawaba ni zako, na huna wa kumsingizia.

Nimemwuliza daktari wa kifua wa hapa kwetu. Anasema mtu akitolewa kwenye moshi mapema, anaweza kupata nafuu, polepole. Mlete tumpeleke, nitampangia siku.

Na mwulize kuhusu Juni. Usiniandikie tena mpaka umemwuliza.

Mpwa wako

*

Mgahawani, Julai 3

Mpwa wangu,

Marahaba, wewe na mama yako na kijiko chake. Usikunje uso kwa ajili ya madiwani, utarudi nao mwakani, nami safari hiyo nitakuja mwenyewe na kusema kwa mdomo wangu, bila karatasi hata moja.

Barua yako ilifika tarehe kumi na tisa. Siku ile ile nilimwita mchora mabango, nikabandika kibao mlangoni: HAPA NDANI HATUVUTI. Wateja wanaingia wananiuliza, je, sheria imepita? Nawajibu haijapita. Sasa nani kakataza? Nawajibu ni mimi. Mara ya kwanza sauti ilinitetemeka. Sasa nalisema kama ninavyosema bei ya chai.

Lakini kumwuliza Bi Mapishi kuhusu Juni sikuweza. Kila siku nilijiambia kesho, mpaka kesho zikaisha, ikafika Juni 30. Alasiri, kazi imepungua, alitoka jikoni akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kaunta mbele yangu. Nikasema kabla ujasiri haujanitoroka, tena kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, "Bi Mapishi, usiende. Nakuomba. Nimekosa, na nilijua tangu Januari kwamba nimekosa."

Mgahawa mzima ukageuka.

Akanitazama. "Mwezi mzima nakusubiri useme hivyo," akasema. "Ungeendelea kunyamaza, ningeondoka kweli."

Akaenda meza ya dirishani, akamwambia Fundi asogee, akaketi mbele ya Mwalimu. "Panga kete," akamwambia. "Miaka yote hii nawasikia mkibishana nikiwa kule nyuma, na kila siku anayekosea ni huyu huyu." Akamla tatu kwa mpigo. Mwalimu akavua miwani, akaipangusa, akavaa, kete bado hazikuwepo. Nje Dereva akapaza sauti, "Nani anacheza humo ndani?" na Fundi, aliyekuwa hajacheka wiki sita, akashindwa hata kumjibu.

Halafu Bi Mapishi akapiga meza kwa vidole viwili, kama wanavyofanya wao, akaomba chai. Nikaangalia jikoni. Hakuna mtu jikoni. Basi nikaenda mwenyewe, nikatafuta majani kwenye makopo matatu, nikachemsha, nikamletea kwa mikono miwili.

Akaonja. Akauliza nani kapika. Nikamwambia mimi.

Aliinywa yote, mpwa wangu, mpaka tone la mwisho, na ilikuwa mbaya sana.

Mjomba wako